MANENO YA CHAKULA KWA WAGONJWA WA SUKARI

Somo hili ni kwa waganga na wasaidizi wanaowapokea wagonjwa wa sukari wa nje, yaani wale wanaokuja asubuhi na kurudi kwao siku ileile. Mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumba yake watapata faida pia wakilisoma. Si somo la dawa, ni somo la maneno. Labda utauliza, "Maneno yana kazi gani? Mgonjwa anataka kupona." Basi sikia kwanza habari ya mama mmoja.

1. MAMA ALIYETII

Mama huyu alikuwa mwuzaji wa unga sokoni, umri wake karibu miaka hamsini. Alikuja kwetu kwa sababu ya kiu nyingi na kukojoa usiku kucha. Daktari aliona kwamba ana ugonjwa wa sukari, akamwandikia vidonge vya glibenklamide. Mimi nilipewa kazi ya kumfundisha habari ya chakula. Siku ile watu walikuwa wengi. Nikamwambia, "Mama, usile tena vitu vitamu." Nikaandika katika karatasi yake neno moja tu: "Rejime." Akaenda.

Baada ya mwezi mmoja akarudi. Sukari ya damu yake, kabla ya kula, ilikuwa 290. Mwenzangu aliyempokea akaandika, "Hafuati rejime," akamkaripia. Mwezi uliofuata alikuwa amekonda, na sukari ilikuwa bado juu. Mwingine akaandika, "Apunguze chakula." Basi katika karatasi moja kulikuwa na mikono mitatu na maneno matatu, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mama anakula nini.

Mara ya nne nilikuwa mimi zamu. Nikamwuliza, "Mama, umeacha vitu vitamu?" Akajibu, "Ndiyo, Munganga, nimeviacha vyote. Nimeacha nyama, nimeacha samaki, nimeacha maharagi ya mawese."

Nikastaajabu. "Nyama? Kwa nini nyama?"

"Si wewe uliyesema nisile kitu kitamu? Nyama ni tamu sana. Bukari haina utamu, ninakula bukari na chumvi tu. Na kwa kuwa sishibi, ninaongeza bukari."

Basi ndugu, huyu mama hakuwa mkaidi. Alitii kuliko wagonjwa wote. Sisi ndio tuliompa neno lenye milango miwili, naye akaingia kwa mlango ambao hatukuufikiri.

Habari haikuishia hapo. Nilimweleza upya, akaelewa, nikafurahi. Nikamwambia, "Jumatano ijayo uje umefunga, tupime damu vizuri." Nilitaka kusema asile tangu usiku mpaka asubuhi. Lakini yeye ni mtu wa kanisa. Kwake kufunga ni siku tatu za maombi bila chakula. Akafunga siku tatu, na kila asubuhi akameza kidonge chake, maana hakuna aliyemwambia akiache. Jumatano akaanguka njiani. Binti yake na mwenye pikipiki wakamleta akiwa na jasho jingi, hajui hata jina lake. Sukari ya damu ilikuwa 38. Daktari alimpa glukose katika mshipa, na Mungu alimrudisha. Lakini angaliweza kufa, na kisababishi kingekuwa neno moja nililolisema kwa haraka.

Tangu siku ile tulikaa pamoja, waganga wa zamu zote, tukaanza kuchagua maneno.

2. MANENO YANAYOTUPOTEZA

Yapo maneno tunayoyasema kila siku, nayo yana maana mbili au tatu. Tuyaangalie moja kwa moja.

TAMU. Katika lugha yetu asali ni tamu, na samaki wa kuchoma ni mtamu, hata hadithi ni tamu. Neno hili linaeleza sukari, tena linaeleza kila kitu kinachopendeza mdomo. Tena bukari, wali na muhogo hazina ladha ya sukari ulimini, lakini tumboni zinageuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kwa hiyo ulimi si kipimo. Usimwambie mgonjwa aache "vitu vitamu".

SUKARI. Neno hili lina maana tatu. Kuna sukari ya mezani, tunayoitia katika chai. Kuna sukari ya damu, tunayoipima kwa mashine. Kuna ugonjwa wenyewe, maana watu husema, "Mama ana sukari." Ukisema, "Punguza sukari," mgonjwa ataacha sukari ya chai tu, naye ataendelea na sahani kubwa ya wali.

IMESHUKA. Mtu aliyetoka 290 mpaka 150, tunamwambia, "Sukari yako imeshuka, vizuri." Mtu mwenye 45 anayetetemeka, tunasema tena, "Sukari imeshuka," naye yu hatarini. Neno moja kwa habari njema na kwa habari mbaya! Mgonjwa mmoja aliposikia kwamba sukari yake imeshuka alishukuru, akarudi nyumbani bila kula.

MBOGA. Wengine wanasikia majani: lengalenga, sombe, matembele. Wengine wanasikia kitoweo chochote kinachokwenda pamoja na bukari, hata kama ni nyama au makayabo. Ukisema, "Kula mboga nyingi," mmoja atakula majani, na mwingine atatafuta nyama ya nguruwe.

CHAKULA CHA NGUVU. Zamani tulifundisha mafungu matatu: chakula cha nguvu, chakula cha kujenga mwili na chakula cha kulinda mwili. Mafundisho hayo ni mazuri kwa mama mwenye watoto wachanga. Lakini mgonjwa wa sukari husikia mwili umelegea. Akisikia "chakula cha nguvu", atasema, "Hicho ndicho ninachohitaji," naye ataongeza bukari.

KUFUNGA. Habari yake umekwisha kuisoma.

KIDOGO. "Kula kidogo." Kidogo cha nani? Mchukuzi wa mizigo na mzee anayekaa barazani hawana kidogo kimoja. Neno hili halina kipimo, na lisilo na kipimo haliwezi kufuatwa wala kuangaliwa.

3. MANENO TULIYOYACHAGUA

Tuliandika orodha fupi, tukaibandika ukutani katika chumba cha kupokelea. Yeye aliye zamu anatumia maneno haya, katika kusema na katika kuandika.

Wanga: chakula chote kinachogeuka kuwa sukari katika damu. Ni bukari ya muhogo na ya mahindi, wali, mkate, viazi, muhogo wa kuchemsha, ndizi, na matunda pia.

Sukari ya kuongeza: sukari ya chai, asali, sukre ya chupa, peremende. Hii huingia katika damu upesi.

Chakula cha kujenga mwili: samaki, sambaza, ndakala, nyama, mayai, maziwa, karanga, soya. Maharagi yako katika nyumba mbili: yanajenga mwili, tena yana wanga. Maziwa pia yana wanga kidogo. Kwa hiyo hatuyakatazi, tunayahesabu.

Majani: lengalenga, sombe, matembele, shu, na mengine ya namna hii. Wanga wake ni mdogo. Lakini mafuta yanayotiwa katika sombe yanaandikwa peke yake.

Mafuta: mawese na mengine. Hayapandishi sukari ya damu upesi, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga ina kalori 4. Anayetaka kupunguza uzito ayaangalie.

Sukari ya damu imekaribia shabaha: neno la habari njema.

Sukari ya damu iko chini mno: neno la hatari. Maana yake ni chini ya 70 mg/dl. Hatusemi tena "imeshuka" bila kueleza.

Kulala bila kula: neno la kupima damu asubuhi. Tunaeleza hivi: "Kula chakula cha jioni kama kawaida. Usiku usile tena, kwa muda wa saa 8 au zaidi. Maji matupu unaweza kunywa. Asubuhi njoo mapema. Usimeze kidonge cha sukari nyumbani. Kilete pamoja na chakula chako, utakula na kumeza hapa baada ya kutolewa damu." Anayejidunga insulini humwuliza daktari kwanza. Na kwa ajili ya kufunga kwa maombi, mgonjwa wa sukari aseme na daktari wake kabla ya siku ile, na mchungaji wake ajue pia.

4. NAMBA NAZO NI MANENO

Siku moja mtu alileta karatasi kutoka ng'ambo ya mpaka. Iliandikwa "7". Kijana wetu akashtuka, akasema, "Saba? Mtu huyu atakufa sasa hivi!" Akakimbilia sukari. Lakini mtu alikuwa ameketi, anacheka na jirani yake. Mashine ya kule inapima kwa milimoli katika lita. Mashine yetu inapima kwa miligramu katika desilita. Namba hizi tatu zina maana moja:

126 mg/dl
1,26 g/l
7,0 mmol/l

Ukitaka kutoka mmol/l kwenda mg/dl, zidisha kwa 18. Kwa hiyo namba bila kipimo chake haijaandikwa bado. Tena andika saa: kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Mtu mwenye 150 mg/dl baada ya kula si sawa na mtu mwenye 150 mg/dl aliyelala bila kula. Yule wa pili amepita 126, na 126 ndiyo mpaka wa ugonjwa wa sukari kwa aliyelala bila kula. Asiye na alama za ugonjwa hupimwa tena siku nyingine kabla daktari hajakata neno.

5. NJIA YA HATUA NNE

Shida hii si yetu peke yetu. Katika nchi kubwa pia wafundishaji wa chakula waliona kwamba kila mmoja anaandika maneno yake. Huko Marekani, American Dietetic Association, ambayo tangu mwaka wa 2012 inaitwa Academy of Nutrition and Dietetics, ilikubali mwaka wa 2003 njia moja ya kazi yenye hatua nne. Baadaye wakaitungia orodha ya maneno, ili mfundishaji wa mji mmoja akisoma karatasi ya mji mwingine aelewe bila kuuliza. Njia yenyewe haihitaji mashine. Yahitaji kalamu na masikio. Hatua ni hizi:

Ya kwanza ni kuchunguza. Uliza mgonjwa alikula nini jana, tangu asubuhi mpaka kulala. Nani anapika? Wanakula sahani moja wangapi? Pima uzito, urefu, na sukari ya damu. Uliza dawa na saa ya kuimeza. Uliza kazi yake.

Ya pili ni kutambua shida ya chakula. Hapa wengi hukosea. Daktari hutambua ugonjwa, yaani ugonjwa wa sukari. Wewe hutambui ugonjwa mara ya pili. Unatafuta jambo la chakula ambalo linaweza kubadilishwa. Jambo hilo laweza kuwa katika kula kwenyewe, kama wanga kupita kiasi. Laweza kuwa katika mwili, kama uzito kupungua bila kutaka, au meno kuuma hata hawezi kutafuna. Laweza kuwa katika ujuzi, desturi na mazingira, kama kutofundishwa, au kukosa pesa ya chakula.

Ya tatu ni kutenda. Kufundisha, kushauriana na mgonjwa, kubadili chakula, au kumpeleka kwa mwingine anayeweza kumsaidia.

Ya nne ni kufuata na kupima tena. Siku ya kurudi, tazama kama lile jambo limebadilika.

6. SENTENSI YA SEHEMU TATU

Katika hatua ya pili tunaandika sentensi moja yenye sehemu tatu: shida, kisababishi, na alama. Inafungwa kwa maneno haya: "kwa sababu ya" na "inaonekana kwa". Tuirudie karatasi ya yule mama. Sisi tuliandika, "Hafuati rejime." Tungaliuliza maswali, tungaliandika hivi:

"Anakula wanga kupita kiasi, kwa sababu ya kutofundishwa vizuri ni chakula gani kina wanga, inaonekana kwa bukari sahani mbili kila mlo bila kitoweo, na sukari ya damu 290 mg/dl kabla ya kula."

Angalia tofauti. Sentensi ya kwanza inamshitaki mgonjwa, wala haimwambii mganga afanye nini. Ya pili inaonyesha njia. Kisababishi kinatuambia la kutenda: kama ni kutofundishwa, tumfundishe. Alama zinatuambia la kupima siku ya kurudi: sahani ngapi, na sukari ya damu ni ngapi.

Tazama mifano mingine miwili.

Baba mmoja dereva wa lori: "Anakula wanga kwa saa zisizo na mpango, kwa sababu ya safari za barabara, inaonekana kwa kukaa bila chakula mpaka saa tisa mchana, kisha mlo mmoja mkubwa usiku, na kutetemeka mara mbili juma hili." Huyu tukimwambia "punguza chakula" tutamdhuru. Anahitaji chakula cha kubeba njiani na saa ya dawa inayolingana na saa ya kula.

Mjane mmoja mzee: "Hapati chakula cha kujenga mwili cha kutosha, kwa sababu ya kukosa pesa na kukaa peke yake, inaonekana kwa muhogo na chai tu siku tano katika juma, na kilo 4 zilizopungua kwa miezi miwili." Huyu anajua sana kilicho kizuri. Ukimfundisha saa nzima juu ya samaki, utamwongezea huzuni. Jambo la kutenda ni kusema na jamaa na jirani zake, kutafuta maharagi na sambaza kwa bei anayoiweza. Tena daktari aambiwe, maana kukonda namna hii kwaweza kuwa na ugonjwa mwingine.

Watu hao watatu wote wana ugonjwa mmoja. Lakini ukiandika "Rejime" kwa wote, umewaandikia watu watatu karatasi moja.

7. KIPIMO CHA WANGA

Tangu mwaka wa 1950 huko Marekani walikuwa na orodha za kubadilishana vyakula, ili mgonjwa aweze kuacha kimoja na kula kingine cha wanga uleule. Hata leo kipimo kimoja cha wanga kwao ni gramu 15. Tumekitwaa kipimo hiki, tukakiweka katika vyakula vyetu. Kikombe tunachosema ni cha mililita 250. Kila kimoja cha hivi kina kipimo kimoja, au karibu:

Wali uliopikwa: theluthi ya kikombe.
Maharagi yaliyopikwa: nusu kikombe.
Viazi vitamu vilivyopikwa: nusu kikombe.
Ndizi mbivu: moja ndogo.
Unga wa mahindi au wa muhogo, mkavu: gramu 20.
Sukari ya mezani: vijiko vidogo 3 au 4.
Sukre ya chupa: mililita 150.

Bukari yenyewe hatuipimi kwa kikombe, maana bukari ngumu ina unga mwingi na laini ina maji mengi. Twapima unga kabla ya kupika. Fanya hesabu hii pamoja na mama wa nyumba. Akipika kilo moja ya unga kwa watu watano, kila mtu anapata gramu 200. Gramu 200 ukigawanya kwa 20, ni vipimo 10 katika mlo mmoja. Watu wazima wengi huanzishiwa vipimo 3 au 4 kwa mlo, kisha mganga hubadilisha kwa kadiri ya kazi, uzito na dawa za mtu. Anayelima mchana kutwa na anayekaa hawapewi hesabu moja. Basi mama ataona kwa macho yake kwa nini sukari ya damu haikukubali kurudi chini, ingawa aliacha sukari ya chai.

Lakini twajua desturi yetu. Watu wengi hula sahani moja pamoja, kila mmoja akimega tonge. Ni desturi nzuri, hatuivunji. Mgonjwa ajitengee sehemu yake katika sahani ndogo kabla ya wote kuanza, aketi pamoja nao, ale pamoja nao. Nusu ya sahani yake iwe majani, robo iwe chakula cha kujenga mwili, robo iwe wanga. Watu wa nyumba wasimcheke wala wasimpikie chungu cha peke yake kana kwamba ametengwa. Chakula hiki ni kizuri kwa wote.

Na asiache wanga wote! Anayemeza vidonge kama glibenklamide au anayejidunga insulini, akikosa wanga sukari ya damu yaweza kuwa chini mno.

8. SUKARI YA DAMU IKIWA CHINI MNO

Alama ni hizi: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, hasira bila sababu, kusema maneno yasiyoeleweka. Wengine hudhani mtu amelewa au amerogwa. Usipoteze wakati. Mashine ikionyesha chini ya 70 mg/dl, au kama huna mashine lakini alama zipo, fanya hivi:

a) Mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya sukre ya kawaida.
b) Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado, mpe tena vilevile.
c) Akiwa vizuri, ale chakula chenye wanga, kama bukari na maharagi.
d) Kama amezimia au hawezi kumeza, usimtilie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu, mlete hospitali mbio.
e) Hata akiwa amepata nafuu, ikiwa anameza glibenklamide aletwe hospitali, maana dawa hii hukaa mwilini na sukari yaweza kurudi chini tena.

Fundisha jambo hili kwa watu wa nyumba pia, maana mgonjwa mwenyewe saa ile hana akili ya kujisaidia. Tena wasishangae kwamba tunampa sukari mtu wa ugonjwa wa sukari. Mpe bila woga.

9. KURUDISHA NENO

Hata neno zuri laweza kupotea njiani kati ya kinywa chako na sikio lake. Kwa hiyo usiulize, "Umeelewa?" Kila mtu anajibu, "Ndiyo, Munganga," kwa heshima tu. Sema hivi: "Mama, ukifika nyumbani, jamaa watakuuliza tumesema nini juu ya chakula. Utawaambiaje?" Mwache aseme, hata kwa lugha ya kwao kama yupo wa kukufasiria. Akikosea, kosa si lake. Eleza tena kwa njia nyingine, kisha mwulize tena.

Yule mama wa sokoni yu hai mpaka leo, naye anakuja kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tulipomwuliza habari hizi atawaambiaje wenzake, alisema, "Nitawaambia hivi: nyama inayokuwa tamu haina neno, kula, bukari isiyokuwa tamu, ipime." Tulicheka, naye akacheka. Sasa ndiye anayewafundisha wapya katika baraza kabla hatujafungua mlango, naye hupima unga wake kwa mizani yake ya biashara ili wote waone.

Wale waliojenga mnara wa Babeli hawakushindwa kwa kukosa matofali. Walishindwa kwa sababu hawakusikilizana. Dawa zetu ni chache, na mashine zetu huharibika. Lakini kuchagua neno moja na kulishika sote hakuna bei.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini yule mama aliacha nyama na kuongeza bukari?
2. Taja maana tatu za neno "sukari".
3. Karatasi imeandikwa "8". Utauliza nini kabla ya kutenda? Kama ni mmol/l, ni mg/dl ngapi?
4. Mama amepika gramu 600 za unga kwa watu wanne. Kila mtu anapata vipimo vingapi vya wanga?
5. Taja hatua nne za kazi.
6. Badili neno "Hafuati rejime" kuwa sentensi ya sehemu tatu kwa mgonjwa mmoja unayemjua, bila kutaja jina lake.
7. Mgonjwa anakuja kesho kupimwa damu asubuhi. Utamwambiaje, ili asifunge siku tatu?

(Jibu la 3: uliza kipimo, saa aliyokula, na dawa aliyomeza, 8 mmol/l ni 144 mg/dl. Jibu la 4: gramu 150 kwa kila mtu, yaani vipimo 7 na nusu.)